Kigogo kipi? Namna ya kuchagua maana zinazofaa kuingia kwenye kamusi elezo

Chukua neno kigogo. Mtu wa Dodoma akilisikia, linalomjia kwanza ni lugha ya Wagogo. Msomaji wa habari za siasa anamwona mtu mzito mwenye madaraka. Mkazi wa Dar es Salaam anafikiria kata iliyoko Kinondoni, na aliyesoma sekondari Kenya anaweza kukumbuka tamthilia ya Pauline Kea. Ukifungua kamusi utakuta pia gogo dogo. Hizo ni maana tano, zote sahihi, lakini ukurasa wa maana katika kamusi elezo hauzibebi zote tano.

Kamusi hueleza neno, kamusi elezo hueleza kitu chenyewe. Ukurasa wa maana upo kwa ajili ya msomaji aliyeandika neno moja kwenye kisanduku cha kutafutia na sasa anataka kuonyeshwa makala anayoitafuta. Ni kibao cha njia panda. Ukikijaza majina ya mahali pasipo na njia, umempotezea muda mtu aliyekuja kusoma.

Anza kwa kukusanya bila kuchuja. Pitia kamusi, ramani, orodha ya kata na kamusi elezo yenyewe. Tafuta umoja na wingi wa neno, pamoja na maandishi yake mengine. Kisha ipime kila maana kwa kujaribu kuandika aya mbili zinazozungumzia kitu, si neno. Lugha ya Kigogo inapita mara moja: ina sarufi, matamshi, wazungumzaji, na katika uainishaji wa lugha za Kibantu wa mwanaisimu Guthrie ina alama G11. Kata inapita kwa sababu ina mipaka, wakazi na viongozi. Tamthilia ina mwandishi, wahusika na dhamira. Ila kwa yule mtu mzito, ukishasema "mtu mwenye madaraka au ushawishi mkubwa" umemaliza. Kilichobaki ni mifano ya watu, na kila mmoja wao ana makala kwa jina lake mwenyewe. Gogo dogo nalo linaishia hapo hapo. Hizo mbili ziachie kamusi.

Usidhani kwamba neno la kawaida halipiti kamwe. Korongo ni ndege mwenye miguu mirefu, na pia ni bonde jembamba lenye kingo za kuporomoka, lililochimbwa na maji ya mvua. Hapa katikati ya Tanzania maana hii ya pili ina mengi ya kusimulia: aina za udongo, mvua chache zinazonyesha kwa kishindo, malisho kupita kiasi, na mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, hadi mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyoharibika ya Kondoa mwaka 1979. Ndege na bonde vyote vinaingia. Vitenzi ndivyo vinavyokosa nafasi karibu kila mara. Paa ni mnyama na ni sehemu ya juu ya nyumba, vyote vinafaa. Kupaa angani na kupaa samaki magamba ni kazi ya kamusi.

Viambishi vya Kiswahili vinatusaidia, mradi tusivipuuze. Mgogo, Wagogo, Kigogo na Ugogo ni maneno manne tofauti, na msomaji aliyeandika Wagogo amekwisha kusema anataka watu, si lugha. Basi usiwarundike Wagogo kwenye ukurasa wa Kigogo. Waweke kwenye ukurasa wa Gogo, kwa sababu shina hilo tupu ndilo linaloweza kumfikisha mtu kwa watu, kwa lugha au kwa shina la mti lililokatwa. Wenyewe lugha yao huiita Chigogo. Umbo hilo halihitaji mstari wake. Lielekeze moja kwa moja kwenye makala ya lugha.

Majina ya mahali ndiyo yanayoleta makosa mengi zaidi. Chamwino ni wilaya ya Mkoa wa Dodoma, ni kata ndani ya Jiji la Dodoma, na ni kata nyingine mjini Morogoro. Chang'ombe iko Dodoma na iko Temeke. Ukiandika "Chamwino, kata ya Tanzania" mara mbili, hujamsaidia mtu. Taja mkoa na wilaya kila mara, na ukitatanishwa na vyanzo, angalia msimbo wa posta: wa Mkoa wa Dodoma huanza na 41, wa Morogoro huanza na 67. Tarakimu hizo mbili zinatosha kukuonyesha kama takwimu ulizoshika ni za kata hii au ya ile. Angalia pia mwaka wa chanzo. Chanzo cha zamani kinachotaja Dodoma Vijijini kinazungumzia eneo ambalo baadaye liligawanywa kuwa Bahi na Chamwino.

Kisha kuna majina yenye neno lako ndani yake. Chuo Kikuu cha Dodoma hakiingii kwenye ukurasa wa Dodoma, kwa sababu hakuna anayekiita "Dodoma" tu. Watu husema UDOM. Ukikiruhusu, itabidi uruhusu pia uwanja wa ndege, stesheni na kila shule. Uliza: je, mtu huliita jambo hili kwa neno hili peke yake? Kwa Dodoma wanaopita ni jiji na mkoa. Dodoma Jiji ni suala jingine: hilo ni jina la halmashauri na pia la klabu ya mpira, kwa hiyo mgongano wake uko kwenye jina hilo kamili. Kisa cha tembo aliyedidimia kwenye matope, ambacho wengi hukitaja kuwa asili ya jina, ni cha makala ya jiji. Asili ya jina si maana ya ziada.

Kosa linalotuumiza zaidi ni kutafsiri ukurasa wa maana kutoka Kiingereza. Utata wa lugha moja hauhami kwenda nyingine. Neno lao moja la mji mkuu na mtaji halitupi tatizo lolote, kwa kuwa sisi tuna maneno mawili. Kwa upande mwingine, hakuna ukurasa wao utakaokukumbusha kwamba mto ni wa maji na pia wa kulalia. Orodha ya Kiswahili ianzie kwenye Kiswahili.

Ukishachuja, andika hivi:

Kigogo (lugha), lugha ya Wagogo wa Tanzania ya kati
Kigogo (Kinondoni), kata ya Dar es Salaam
Kigogo (tamthilia), tamthilia ya Pauline Kea

Mstari mmoja, kiungo kimoja, maneno ya kutosha kutofautisha, basi. Idadi ya watu, picha na vyanzo vikae kwenye makala. Kama makala bado haijaandikwa, mstari unaweza kubaki endapo jambo hilo limeelezwa ndani ya makala nyingine. Kiungo kielekee huko. Kama halijaelezwa popote, lisubiri.

Mwisho amua nani anakaa kwenye jina tupu. Kwa Dodoma ni jiji, kwa sababu wengi wanaoandika neno hilo wanalitafuta hilo. Kwa Kigogo usiharakishe: sisi wa bara la kati tunaona lugha, mwenzetu wa Magomeni anaona kata, na hapo jina tupu liwe la ukurasa wa maana wenyewe. Zikibaki maana mbili tu na moja inajulikana zaidi, huhitaji ukurasa wa maana. Weka sentensi moja juu ya makala hiyo, ikielekeza kwenye ile nyingine.