Kabla Hujakalia Mazoezi ya "He", "Her" na "A Little": Kwa Muuguzi na Mlezi Anayejiandaa Kwenda Nje

Nimewafundisha Kiingereza wauguzi na walezi hapa Mombasa kwa muda wa kutosha kujua kwamba anayekwama si yule asiyejua kanuni. Kanuni anazo. Mwambie ajaze jedwali la "I, me, my, mine" mpaka "they, them, their, theirs", atalijaza bila kuinua kalamu. Kisha mpe picha ya harusi ya dada yake asimulie, na kabla dakika haijaisha bwana harusi ameshakuwa "she". Kwa hiyo kabla hujafungua kitabu cha mazoezi, jiandae hivi.

Simu yenye nafasi ya kurekodi sauti. Daftari moja, si vikaratasi. Kamusi ya wanaojifunza, ile inayoweka herufi C kando ya nomino inayohesabika na U kando ya isiyohesabika. Kamusi ya kutafsiri peke yake haitoshi. Na mtu wa kukusikiliza. Huyu ni lazima, usimruke.

Ujue pia mtihani unaokungoja. Kwa muuguzi anayetaka kusajiliwa Uingereza kupitia IELTS, mtihani wa Kiingereza wa kimataifa, baraza lao la wauguzi, NMC, linataka alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Sehemu ya kuzungumza huchukua dakika 11 hadi 14. Katikati yake unapewa kadi, dakika moja ya kujiandaa, kisha unaongea peke yako kwa dakika moja hadi mbili. Kadi nyingi hukuambia umweleze mtu fulani: jirani, mwalimu, ndugu unayemheshimu. Dakika mbili za kumsema mtu mmoja, na kila sentensi inakudai "he" au "she".

Hapo ndipo nataka ukae.

Kiswahili hakikuulizi jinsia. Ukisema "amelala, amekunywa dawa, analalamika kichwa," anayekusikiliza anamjua anayesemwa kutokana na mazungumzo, basi. Kiingereza kinataka uitangaze kila unapofungua kinywa, tena wakati akili yako iko kwenye dozi, kwenye kengele inayolia na kwenye mgonjwa wa chumba cha pili. Kujua kanuni hakusaidii hapo. Kinachosaidia ni ulimi uliokwisha kuzoea.

Nilikuwa na mwanafunzi, kijana hodari wa Likoni, aliyekwenda Uingereza kulea wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Chumba kimoja kilikuwa na mume na mke, wote wawili wakinywa vidonge vya presha. Usiku mmoja mzee wa kiume aliamka kwenda msalani, akashikwa na kizunguzungu, akayumba. Kijana alimdaka, akamketisha, akampa maji, kisha akaandika kwenye rekodi sawasawa kabisa, "he" mwanzo hadi mwisho, kwa sababu wakati wa kuandika alikuwa ametulia. Asubuhi, baada ya saa kumi na mbili za kusimama, akakabidhi zamu kwa mdomo: "She was dizzy in the night, she almost fell, I told him to sit." Muuguzi wa mchana akasikia "she" mara mbili. Akamzuilia mama kidonge chake cha asubuhi, akihofia ndicho kilichomtia kizunguzungu, akapiga simu kwa daktari kuhusu mama. Mzee akapewa kidonge chake kama kawaida, na kabla ya adhuhuri akakutwa chini, sakafuni bafuni.

Alhamdulillahi, hakuvunjika. Alitoka na uvimbe kwenye paji la uso. Binti yake alipofika akaomba rekodi, akaisoma, akauliza swali moja: imeandikwa baba, mbona mmemhudumia mama? Kijana aliongezewa miezi ya majaribio kazini, na katika muda huo wote hakuruhusiwa kukabidhi zamu peke yake. Aliponipigia simu alikuwa akirudia neno lilelile: "Mwalimu, mimi najua he na she." Ni kweli, alijua. Lakini katika masomo yake yote hakuna mtu aliyewahi kumkalisha amweleze mwanamume na mwanamke walio katika chumba kimoja, huku amechoka.

Tangu hapo zoezi hili siliruki kwa mwanafunzi yeyote, nawe usiliruke. Chukua watu wawili unaowajua, mmoja mwanamume na mwingine mwanamke: babu na bibi, au kaka yako na mkewe. Simulia jambo walilofanyiana, si kila mmoja peke yake. Bibi alimpikia babu, babu akakataa kula, bibi akamnyang'anya redio yake. Majina yatajwe katika sentensi ya kwanza tu. Fanya usiku, baada ya kazi, ukiwa hoi, maana hivyo ndivyo utakavyokuwa siku yenyewe. Msikilizaji wako agonge meza kila ukikosea, asikuambie jibu. Wewe uianze upya sentensi nzima. Halafu sikiliza rekodi. Wengi hawaamini kwamba sauti ile ni yao.

Wapo wanaojificha nyuma ya "they". Kiingereza kinairuhusu kwa mtu mmoja usiyemjua, kwa mfano aliyepiga simu bila kujitambulisha, na wapo watu wanaotaka wenyewe waitwe hivyo, uwaheshimu. Lakini ukiitumia kwa yule mzee mwenye mke chumbani, muuguzi ataelewa kwamba wote wawili walishikwa na kizunguzungu.

Umiliki una mtego wake. Kwetu "-ake" hufuata kitu kinachomilikiwa: mkono wake, kichwa chake, jicho lake, nywele zake. Mwenyewe ni nani, mke au mume, haionekani. Kiingereza hakijali mkono wala jicho, kinamtazama mwenyewe. Ndiyo maana utasikia "Asha and his husband" kutoka kwa mtu mwenye diploma. Kila ukitaka kusema "his" au "her", jiulize mwenyewe ni nani, usikitazame kilicho mbele yake.

Na kazi ya uuguzi ni kazi ya mwili, jambo ambalo vitabu vya sarufi havikuambii. Sisi husema ameumia mguu, amepiga mswaki, amevaa viatu, amenawa uso; hatutaji ni wa nani, kwani atanawa uso wa jirani? Kiingereza kinataka kimilikishi kila mara: "he hurt his leg", "she brushed her teeth", "he put on his shoes". Ripoti ya zamu moja inaweza kuwa na "his" na "her" thelathini. Andika ripoti ya kubuni ya mgonjwa mmoja tangu alipoamka mpaka alipolala, uisome kwa sauti, kisha uisome tena ukimgeuza kutoka mwanamume kuwa mwanamke. Bila kusita.

"Its" ya umiliki haina alama ya juu. "Mine" haifuatwi na nomino. "Tulikwenda kliniki na baba," ikiwa mlikuwa wawili tu, si "we went with my father". Sema "my father and I went", la sivyo watahesabu watu watatu.

Sasa idadi na kiasi. Tofauti ya "little" na "a little" wengi huiona ni urembo wa mtihani. Si urembo. "He drank a little water": alikunywa kiasi, kuna tumaini. "He drank little water": maji aliyokunywa ni haba, mtu aingiwe na wasiwasi. Ndivyo ilivyo pia kwa "few" na "a few" kwa vitu vinavyohesabika. Kiherufi kimoja kinaweza kuamua kama mgonjwa atafuatiliwa maji yake au ataachwa. Na ukiweza kutaja mililita, taja mililita.

Angalia pia "all" penye kukanusha. Sisi tukisema "wote hawakula", hakuna aliyekula. Ukiipeleka hivyohivyo, "all the patients did not eat", mwenzako anaweza kudhani baadhi walikula. Sema "none of the patients ate". Na "sina chochote" ni "I don't have anything". Ukiweka "nothing" hapo umekanusha mara mbili.

Kwa nomino, andika daftarini zile zinazotusaliti: "information", "advice", "equipment", "luggage", "furniture". Zote ni U, hazipokei "s" wala "many". Nywele kwetu ni nyingi, kwao "her hair is". Suruali kwetu ni moja, kwao "his trousers are". Zikague kwenye kamusi, usimwamini aliyekaa nawe dawati moja.

Kingine: matokeo ya IELTS hukubaliwa kwa miaka miwili, kwa hiyo usifanye mtihani mapema mno ukabaki kuyatazama yakipitwa na wakati. Lala usiku wa kuamkia mtihani. Pasipoti yako iwe ileile uliyojisajilia. Anayekuuzia cheti cha Kiingereza bila mtihani, mkimbie, haidhuru anasali nawe msikiti mmoja au kanisa moja. Na anayekuahidi viza mpya ya ulezi ya Uingereza, mwambie njia hiyo ilifungwa kwa waombaji wapya walio nje tangu Julai 2025. Ya wauguzi waliosajiliwa ni habari nyingine. Soma mkataba wote kabla hujatia sahihi, uangalie nauli analipa nani, na nakala mwachie mtu wa nyumbani.