Krismasi nyumbani: ibada ya dakika 20 wakati pilau imepaliwa

Familia nyingi za Kigoma zikitoka kanisani tarehe 25, siku inakuwa ya jikoni, soda na redio. Mkisema mtatafakari baada ya kula, hamtatafakari: watoto wameshatawanyika kuonyesha nguo mpya, wazee wamelala. Mkiiweka mapema, wapishi wanakosekana. Wakati wake ni pilau ikishapaliwa.

Maji yakikauka, funika sufuria, punguza moto wa chini, panga makaa juu ya mfuniko. Hapo mna dakika 20 hadi 25 ambazo sufuria haihitaji mtu. Wapishi wote watoke, akina mama kwanza. Kuadhimisha uzazi wa Mariamu huku mama mwenye nyumba yuko kwenye moshi si sawa hata kidogo.

Somo ni Luka 2:1–20, kwa wasomaji watatu: mstari wa 1–7, 8–14 na 15–20. Wachague usiku wa mkesha na wasome mara moja kwa sauti. Mtoto anayekabidhiwa Biblia papo hapo hukwama kwenye jina la Kirenio katika mstari wa 2, wenzake wanacheka, na utulivu haurudi tena.

Msihubiri, mahubiri mmeshayasikia. Simameni kwenye mstari wa 7. Katikati ya mkeka wekeni kasha la mbao lenye majani makavu, kuwa hori. Desemba ni mvua, kwa hiyo majani yakatwe siku tatu kabla na kuanikwa ndani, la sivyo yatanuka uvundo. Kila mtu aingize mkono na kuuacha kidogo. Yanachoma, yanawasha. Mwana wa Mungu alilazwa humo, ngozi yake ikiwa changa ya siku moja. Kaeni kimya dakika moja nzima. Kiongozi atazame saa, maana dakika ya kimya huonekana ndefu na watu hukimbilia kuikata.

Kisha wachungaji, waliolinda kundi kwa zamu usiku. Watoto wa Kibirizi wanaona taa za wavuvi wa dagaa ziwani, hivyo waulizeni: kwa nini habari iliwafikia kwanza watu wa kukesha namna hiyo, si liwali?

Watu wazima wabaki na neno "nafasi", ambayo Yusufu na Mariamu waliikosa. Nani hana nafasi kwetu leo? Tajeni mtu mmoja, mjane au mgonjwa wa mtaani, na sahani yake ipakuliwe ya kwanza, yenye nyama. Mkisubiri kitakachobaki, mtampelekea ukoko. Kama jirani huyo ni Mwislamu, jambo la kawaida Ujiji, hakikisheni mapema kwamba nyama imechinjwa kwa namna anayoweza kula. Ugomvi wa ndugu msiuingize hapa. Aliyekosewa mbele ya watoto hatasikia neno jingine.

Malizieni kwa Baba Yetu na wimbo mmoja ambao hata bibi anaujua bila kitabu. Makaa yaondolewe, sahani ya kwanza itoke mlangoni, na hori libaki pale mkekani hadi jioni.