Kuhifadhi na Kurejesha Muktadha wa Wakala wa Akili Mnemba

Wakala ni programu inayotumia modeli ya lugha kufanya kazi kwa hatua, ikiita zana kama kusoma faili au kutuma ujumbe. Modeli ya lugha yenyewe haikumbuki chochote kati ya ombi moja na jingine. Kila zamu, programu yako huituma historia upya: maelekezo ya mfumo, maneno ya mtumiaji, majibu ya modeli, wito wa zana (ombi la modeli la kutumia zana fulani) na matokeo yake. Historia ikikaa kwenye RAM peke yake, umeme ukikatika wakala ataamka hajui alikuwa anafanya nini.

Wengi hukimbilia kuhifadhi muhtasari. Usianzie hapo. Hifadhi matukio yote neno kwa neno, na muhtasari utokane na hayo. Muhtasari mbovu unaweza kuuandika tena. Tukio lililotupwa halirudi.

Daftari la matukio

Kwa wakala anayefanya kazi kwenye seva moja, SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili moja, inatosha kabisa. Kila `kikao` ni mazungumzo mamoja na `namba` ni nafasi ya tukio ndani yake:

```
PRAGMA journal_mode=WAL;
PRAGMA synchronous=FULL;
CREATE TABLE tukio (
  kikao TEXT NOT NULL,
  namba INTEGER NOT NULL,
  aina TEXT,
  maudhui TEXT,
  muda TEXT,
  PRIMARY KEY (kikao, namba));
```

Daftari hili huongezwa tu, halifutwi wala kurekebishwa. Kwenye `maudhui` weka JSON (maandishi yenye muundo ambao programu husoma) kama ilivyotoka kwa modeli, pamoja na vitambulisho vya kila wito wa zana. Ukibakiza maandishi matupu, hutaweza kuunganisha wito na tokeo lake baadaye. Ufunguo wa `kikao` na `namba` una kazi yake pia: michakato miwili ikijaribu kuandika zamu ileile, wa pili unapata kosa papo hapo badala ya kuvuruga mazungumzo.

Usishushe `synchronous`, yaani kiwango cha kuhakikisha data imefika kwenye diski, hadi `NORMAL` kwa kutafuta kasi. Katika hali ya WAL, ambapo mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni, `NORMAL` haiharibu faili umeme ukikatika, lakini miamala ya mwisho (maandishi ya mwisho kuhifadhiwa) inaweza kupotea, na mara nyingi hiyo ndiyo unayoihitaji zaidi.

Mwanzoni mwa kila kikao andika pia jina kamili la modeli, maelekezo ya mfumo na orodha ya zana pamoja na vigezo vyake. Ukirejesha mazungumzo ya mwezi jana huku zana moja imeshabadilishwa jina, modeli itaiga wito wa zamani na kuita zana isiyokuwepo.

Andika kwanza, tenda baadaye

Mpangilio ni huu: modeli inaomba zana, unaandika ombi hilo kwenye daftari, unaendesha zana, unaandika tokeo. Programu ikifa katikati, daftari litakuonyesha wito usio na tokeo. Ukilituma hivyo hivyo, API nyingi (njia ambazo programu yako hutumia kuwasiliana na modeli) hukataa ombi lote kwa kosa la 400, yaani ombi lisilo sahihi, kwa sababu kila wito lazima ufuatwe na tokeo lenye kitambulisho kilekile.

Tiba si kuufuta wito huo. Ongeza tokeo linalosema wazi: "Kazi ilikatizwa, haijulikani kama ilikamilika. Hakiki kabla ya kurudia." Kama zana ilikuwa ya kusoma faili tu, irudie bila wasiwasi. Kama ilikuwa ya kutuma pesa au ujumbe, kurudia kibubusa ni kumlipa mtu mara mbili. Kwa zana za namna hiyo, tengeneza namba ya kipekee ya muamala kabla ya kuituma, iandike pamoja na wito, kisha wakati wa kurejesha uulize mfumo wa malipo hali ya namba hiyo kwanza.

Historia ikizidi dirisha

Hesabu tokeni (vipande vya maandishi ambavyo modeli husoma), usihesabu maneno. Kiswahili kwa kawaida hula tokeni nyingi kuliko Kiingereza kwa ujumbe uleule, kwa hiyo makadirio yaliyozoeleka ya Kiingereza yatakudanganya. Ukifika kama asilimia 70 ya dirisha, yaani idadi ya tokeni ambazo modeli inaweza kupokea kwa mara moja, fupisha sehemu ya zamani na uache zamu za karibuni zilivyo. Kata mwanzoni mwa ujumbe wa mtumiaji, kamwe usikate kati ya wito na tokeo.

Muhtasari mzuri hutaja lengo, maamuzi na sababu zake, njia zilizojaribiwa zikashindikana, na hatua inayofuata. Njia zilizoshindikana ndizo husahaulika sana, na wakala asiyezijua atazirudia zote. Namba za simu, kiasi cha pesa na majina ya faili usiyaachie muhtasari. Yanakili kwa programu kwenye orodha ya pembeni, maana modeli inapofupisha huweza kubadilisha tarakimu. Na kila unapofupisha upya, rudi kwenye daftari. Muhtasari wa muhtasari hupoteza ukweli kila hatua.

Wakati wa kurejesha

Dunia haikusimama kumsubiri wakala. Ongeza ujumbe mwishoni unaotaja tarehe na saa ya sasa, na umtake asome upya faili yoyote kabla ya kuihariri. Usiiweke saa ndani ya maelekezo ya mfumo: akiba ya maombi kwa watoa huduma, inayopunguza bei ya sehemu iliyokwisha kutumwa, hutegemea mwanzo usiobadilika hata herufi moja, na saa inayobadilika itakulipisha bei kamili kila zamu.

Funguo za API na nywila ziondolewe kabla ya kuandika. Daftari likiwa na taarifa za wateja, linaangukia chini ya sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, ya 2022 kwa Tanzania na ya 2019 kwa Kenya, kwa hiyo panga tangu mwanzo namna ya kufuta kikao kizima mteja akidai. Hapo tu ndipo kanuni ya kutofuta huvunjwa.

Kisha jaribu kwa nguvu: ua mchakato kwa `kill -9` zana ikiwa inaendelea, rejesha, na umuulize wakala amefikia wapi na nini hakina uhakika. Akitangaza kwamba kazi imekamilika ilhali tokeo halipo kwenye daftari, tokeo ulilojazia halisemi wazi vya kutosha, au halikumfikia kabisa.