Somo: Mambo ya kujua kabla ya kuambua ngozi ya uso kwa asidi

Wanachama wengi mmeniuliza kuhusu kuambua ngozi ya uso kwa asidi, huduma ambayo saluni za Arusha na Moshi huitangaza kwa jina la pilingi, nami nimechelewa kujibu kwa sababu jambo hili halijibiki kwa mistari miwili. Kupakwa asidi kwenyewe huchukua dakika chache. Kinachoamua kama utatoka na uso laini au na mabaka ni zile wiki zinazotangulia, na somo hili nimeliandika kwa ajili ya wiki hizo.

Kwanza tuelewe kinachofanyika. Asidi huunguza tabaka la juu la ngozi kwa kipimo, tabaka hilo huambuka baada ya siku chache, na ngozi mpya hujitokeza chini yake. Zipo asidi nyepesi, kama ya glaikoliki ambayo kwa asili hupatikana kwenye miwa, ya laktiki ambayo hupatikana kwenye maziwa yaliyochacha, na ya salisiliki, ambayo huyeyuka katika mafuta na hivyo hupenya vizuri vitundu vya ngozi yenye chunusi. Asidi ya trikloroasetiki, ambayo wauzaji huiita TCA, huweza kufika tabaka la kati. Fenoli huzama zaidi, huweza kuvuruga mapigo ya moyo, na kwa ngozi nyeusi huweza kuacha mabaka meupe yasiyotoka. Kwa ngozi zetu mimi sishauri kuvuka asidi nyepesi, labda daktari wa ngozi awe ameamua vinginevyo baada ya kukuona.

Sababu ya tahadhari hiyo ni kwamba chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi yetu hukasirika upesi, na kila zikijeruhiwa humwaga rangi zaidi. Ikiwa kila chunusi inayopona usoni pako huacha doa jeusi la miezi kadhaa, basi ngozi yako imekwisha kukuonyesha namna itakavyoipokea asidi iliyozidi kipimo.

Hatua ya kwanza, nayo ndiyo ninayoililia kuliko zote, ni kusema ukweli juu ya unachojipaka. Mkorogo, na krimu nyingi za kung'arisha zinazouzwa kwa siri, huwa na haidrokwinoni (kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi), zebaki au steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe). Steroidi ikitumika kwa muda mrefu hukondesha ngozi, na asidi ambayo kwa mtu mwingine ingeishia juu hupenya chini na kuunguza. Mteja mmoja aliwahi kunificha kwamba alikuwa akipaka krimu ya namna hiyo kila usiku, na mashavu yake yakababuka kabla dakika ya pili haijaisha. Iliniuma sana, na tangu siku hiyo simpaki mtu asidi kabla hajaniletea makopo na chupa zake zote kwenye mfuko, niyaone kwa macho yangu. Ikiwa unatumia vitu hivyo, usiviache ghafla peke yako, kwani uso huweza kuwaka na kujaa vipele. Mwone daktari wa ngozi akupangie namna ya kuviacha. Sisi wa kanda hii tuna bahati, kwa kuwa pale hospitali ya KCMC, Moshi, kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, ambacho tangu 1992 kimekuwa kikiwafundisha wataalamu kutoka nchi mbalimbali za Afrika.

Hatua ya pili ni kueleza historia ya afya yako. Mtajie mtoa huduma kama una mimba au unanyonyesha, kama aspirini huwa inakudhuru, kama hutokwa na malengelenge mdomoni mara kwa mara, kama makovu yako huvimba na kuwa keloidi, na kama katika miezi 6 iliyopita umemeza vidonge vya chunusi vya isotretinoini. Krimu za retinoli na tretinoini, yaani zile za jamii ya vitamini A, zisimamishwe siku tatu hadi saba kabla, na katika wiki hiyo usitoe nywele za uso kwa wembe, uzi wala nta.

Hatua ya tatu ni jua. Jiji la Arusha lipo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na nguvu ya miale ya jua inayounguza huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Anza kupaka krimu ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga jua) ya 30 au zaidi wiki mbili hadi nne kabla, ili uwe umeizoea. Miezi ya Juni na Julai, mawingu yanapotanda na mlima usionekane kwa siku nyingi, ni wakati mzuri, ila kumbuka kwamba miale hiyo hupita hata kwenye mawingu.

Mwisho, uliza jina la asidi, asilimia yake na namna itakavyozimwa. Ya glaikoliki lazima ioshwe au izimwe kwa maji ya magadi soda muda ukifika. Ya salisiliki huacha unga mweupe na kuisha nguvu yenyewe. Asiyeweza kukujibu hayo, au anayemimina kutoka chupa isiyo na lebo, muage kwa heshima uondoke. Omba pia apake kidogo nyuma ya sikio na msubiri siku kadhaa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, kutoka Sakina: Shikamoo dada. Nina mimba ya miezi minne na mashavu yamepata madoa ya kahawia. Je, naweza kufanya?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Subiri ujifungue. Madoa hayo huchochewa na homoni za mimba pamoja na jua, na kwa wengine hufifia yenyewe baadaye. Kwa sasa krimu ya kukinga jua na kofia vinatosha.

Swali, kutoka Pasua: Nimeuziwa chupa ya TCA ya asilimia 30 mtandaoni. Nikijipaka mwenyewe kwa uangalifu kuna shida?

Jibu: Ipo, tena kubwa. Asidi hiyo huzama zaidi kwa kila tabaka unaloongeza, na ukiona ngozi imegeuka nyeupe kama barafu ujue protini zake zimekwisha kuganda. Hakuna cha kuzirudisha. Tafadhali usiifungue.

Swali, kutoka Himo: Mimi nauza ndizi sokoni, nashinda juani tangu asubuhi. Nifanyeje?

Jibu: Mama yangu, ngozi mpya huwa laini mno kwa wiki ya kwanza, na krimu ya kukinga jua hutakiwa kurudiwa kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Tafuta mtu wa kukushikia meza kwa siku saba, na ukirudi sokoni ukae chini ya mwavuli ukiwa na kofia pana. Ngozi inayoambuka usiibandue kwa kucha wala kuisugua kwa dodoki; ipake vaselini uiache idondoke yenyewe. Ikiwa mwezi huu hakuna wa kukushikia meza, ahirisha hadi apatikane.