Ukitaka uparamediki Ontario, anza na leseni ya gari

Vijana wetu wa Afrika Mashariki hapa Hamilton, mkoa wa Ontario, Kanada, hunipigia simu kuuliza swali lile lile: "Dada, chuo gani kizuri cha paramediki?" Nami huwauliza: una leseni gani mfukoni? Wengine hudhani nawakwepa.

Siwakwepi. Huku Ontario paramediki, yaani anayetibu wagonjwa wa dharura kwenye ambulensi, ndiye pia dereva wake. Mnakuwa wawili, safari hii wewe uko nyuma na mgonjwa, safari ijayo uko kwenye usukani. Kwa hiyo unatakiwa uwe na leseni ya daraja F, ya kuendesha ambulensi, na F hupewi mpaka uwe na G kamili, ile ya gari la kawaida. Anayeanza kutoka sifuri hufanya mtihani wa maandishi apate G1 ya mwanafunzi, asubiri miezi 12 (au 8 akipitia shule ya udereva inayotambuliwa), afanye jaribio la barabarani apate G2 ya hatua ya kati, kisha asubiri miezi 12 mingine kabla ya G. Piga hesabu: muda huo unalingana na kozi yenyewe, ambayo ni ya miaka miwili. Ndiyo maana kuna watu wanamaliza chuo na wanakaa nyumbani na cheti chao.

Kama uliendesha nyumbani, kuna njia fupi. Lete barua kutoka kwa mamlaka iliyokupa leseni, kwa sisi Wakenya ni NTSA, inayothibitisha kwamba umeendesha zaidi ya miaka miwili. Ukifaulu mtihani wa maandishi, unaruhusiwa kwenda moja kwa moja kwenye jaribio la G. Ila ukianguka unarudishwa kwenye la G2, kwa hiyo usiende kichwa kichwa. Sisi tumelelewa kuendesha upande wa kushoto, huku ni kulia. Lipia masaa kadhaa ya mwalimu kwanza, hasa barabara kuu na wakati wa theluji. Kwa F kuna mtihani mwingine wa maandishi, fomu ya daktari, kupimwa macho na jaribio jingine la barabarani. Na nyinyi mnaosambaza chakula usiku kwa gari, punguzeni kasi: aliyekusanya pointi 6 au zaidi za makosa ya barabarani ndani ya mwaka mmoja hakubaliki kuajiriwa kazi hii.

Leseni ikiwa njiani, ndipo tuje chuoni. Maombi ya vyuo vya serikali yote hupitia ontariocolleges.ca, na tarehe ya kuweka kichwani ni 1 Februari. Waliotuma kufikia siku hiyo huangaliwa kwa usawa, waliochelewa hugawana kinachobaki, na kozi hii huwa haibakizi sana. Kozi ipo Humber na Centennial kule Toronto, Fanshawe kwenye London ya huku Ontario, Algonquin mjini Ottawa, na kwingineko. Wanataka Kiingereza cha darasa la 12, hesabu, na sayansi, mara nyingi bayolojia na kemia. Cheti chako cha KCSE au cha kidato cha nne kitathminiwe na WES au ICAS, mashirika yanayolinganisha vyeti vya nje na vya huku. Kama uliacha kemia, usikate tamaa wala usiende kulipia chuo cha ubabaishaji. Shule za watu wazima za bodi za elimu hufundisha masomo hayo, na mkaazi wa kudumu kwa kawaida halipi ada. Mkaazi huyo huyo, na aliyekubaliwa kama mkimbizi, anaweza kuomba OSAP, msaada wa fedha za masomo wa serikali ya Ontario.

Ndugu zangu wa Kongo na Burundi mnasahau silaha mliyonayo. La Cité mjini Ottawa na Boréal kule Sudbury wanafundisha kozi hii kwa Kifaransa.

Ukishakubaliwa, kuna fomu ya afya, na hapo Mwafrika Mashariki hukutana na kitu cha kumshtua. Utachomwa sindano ndogo mkononi kupima kifua kikuu, mara mbili. Wengi wetu tulichanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, tukiwa wachanga, kwa hiyo mkono unaweza kuvimba ingawa huumwi. Utatumwa kupigwa picha ya kifua, basi. Fanya mapema, maana bila fomu iliyokamilika huingii hospitalini kwa mafunzo. Vivyo hivyo hati ya polisi ya kufanya kazi na watu walio dhaifu: ukiitiwa alama za vidole usidhani umeshukiwa jambo, mara nyingi ni tarehe ya kuzaliwa tu imegongana na ya mtu mwingine. Pia utapimwa barakoa ya N95, na ndevu haziruhusu ishike uso. Mimi navaa hijabu ya kuvuta isiyo na pini. Haijawahi kunizuia kitu.

Masomo yenyewe ni anatomia, fiziolojia, dawa, sheria, na maabara ambako mnaigiza wagonjwa mpaka magoti yanauma. Kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwenda chini sentimita 5 au 6, ni kazi ya nguvu. Kama hujazoea mazoezi, anza kupanda ngazi na mzigo sasa hivi. Kisha unapelekwa idara ya dharura, wodi ya wazazi, na mwishoni unapanda ambulensi pamoja na paramediki msimamizi.

Kinachowasumbua watu wetu zaidi kwenye gari ni mdomo. Ripoti ya redio kwa hospitali inatakiwa ndani ya nusu dakika hivi: umri, tatizo, presha, mapigo, umempa nini, mnafika lini. Sisi tumefundishwa kusalimu kwanza na kuzunguka kidogo ndipo tuseme. Jirekodi kwenye simu, ujisikilize, ukate maneno. Niliwafanyia wanangu ripoti za paka aliyevunjika mguu mpaka wakachoka nami.

Baada ya diploma kuna mtihani wa mkoa uitwao A-EMCA. Waajiri huutaka. Mwajiri akikuchukua, hospitali inayosimamia tiba za ambulensi za eneo hilo inakuidhinisha kutoa dawa chache kama salbutamoli (ya pumu), glukagoni (ya sukari iliyoshuka) na naloksoni (ya aliyezidisha dawa za jamii ya afyuni). Uparamediki wa ngazi ya juu ni karibu mwaka mwingine wa masomo, si wa kukimbilia.

Kazi ya kwanza mara nyingi ni ya kuitwa, zamu za masaa 12. Ukikubali kwenda kaskazini, Timmins au Kenora, unaweza kupata masaa mengi mapema kuliko atakayeng'ang'ania Toronto. Kila mwajiri atakupima upya: maandishi, mgonjwa wa kuigiza, kushuka ngazi na kiti cha kubebea wagonjwa, kuendesha gari. Nenda na buti ulizokwisha kuzivaa zikalainika.