Simu ya bei chee: pima mfumo kabla hujapima kioo

Hela ya korosho ikishaingia, meza za simu za mtumba hujaa wateja, kuanzia Mtwara mjini hadi Masasi, Newala na Nachingwea. Mteja hugeuza simu mkononi, huangalia kioo, hupiga picha moja, kisha huanza kupatana bei. Hajagusa kitu kinachoua simu nyingi za bei chee, yaani mfumo endeshi, ile programu kuu inayoiendesha simu. Kioo kikipasuka hubadilishwa, betri ikichoka hununuliwa nyingine. Mfumo ukishaachwa na waliouunda, hakuna fundi.

Chukua Lumia, simu za Nokia zenye Windows Phone, mfumo wa Microsoft, ambazo bado huzagaa madroo ya watu. Umbo zuri, Nokia jina kubwa, na Lumia 520 ya mwaka 2013 ilikwenda laini kuliko Android nyingi za bei yake ingawa RAM yake ilikuwa MB 512 tu. Mbona ilikufa? Fikiria mnada wa korosho. Mnunuzi haji kwenye ghala lisilo na mzigo, na mkulima hapeleki mzigo pasipo na mnunuzi. Windows Phone ilitoka mwishoni mwa 2010, wakati iPhone na Android zimeshakusanya watumiaji na watengenezaji programu. Aliyetengeneza programu aliona watumiaji wachache, akaiweka kando. Mtumiaji akaona programu hazipo, akahama. Instagram ilifika huko Novemba 2013, tena ikiwa ya majaribio. Mwaka huohuo Google iliifungia programu ya YouTube ambayo Microsoft ilijitengenezea yenyewe.

Microsoft nayo ikajichimbia shimo. Windows Phone 8 ilipokuja mwaka 2012, waliokuwa na simu za toleo la 7 hawakuweza kupanda kwenda toleo jipya. Wakapewa 7.8, yaani sura mpya juu ya injini ileile. Mtu aliyenunua Lumia miezi michache kabla alijiona ametupwa, na mteja wa namna hiyo harudi wala hamshauri jirani anunue.

Kwetu kulikuwa na kasoro mbili zaidi ambazo wachambuzi wa ng'ambo huzipita haraka. Ya kwanza ni laini mbili. Lumia ya kwanza ya laini mbili ni 630, ya mwaka 2014, wakati Tecno na wenzake walikuwa wameshauza hizo kwa miaka. Mtu mwenye laini moja ya kupigia nyumbani na nyingine ya bando atabeba simu mbili mpaka lini? Ya pili ni kurushiana programu. Wenye Android hupeana programu kwa Xender au Bluetooth bila kula bando, lakini Lumia haikupokea programu hizo za Android. Mwishowe WhatsApp iliondoka Windows Phone tarehe 31 Desemba 2019, na hapo hata waliokuwa wanaipenda walisalimu amri.

Ukifika mezani, nenda na laini yako na bando la MB 300 hivi. Wi-Fi ya muuzaji haitakuonyesha kama simu inashika mtandao wa laini yako.

Kwanza rekebisha tarehe. Simu iliyokaa bila chaji hurudi nyuma miaka, na tarehe ikiwa mbovu tovuti hugoma na WhatsApp hudai toleo limepitwa na wakati. Wengi huikataa simu nzima kwa kosa la saa.

Kisha ingia Mipangilio, Kuhusu simu. Ukikuta Windows, BlackBerry OS au Tizen, mifumo iliyokwisha kuachwa kwenye simu, rudisha simu, hata ukipunguziwa nusu bei. KaiOS, ile ya simu za vitufe zenye intaneti, inafaa kwa kupiga na redio, ila usinunue kwa ajili ya WhatsApp: tangu Juni 2024 haipakuliki tena kwenye duka lake. Ikiwa ni Android, soma toleo na tarehe ya sasisho la usalama. Mwaka 2025 WhatsApp ilikuwa inadai Android 5.0 kwenda juu, lakini usinunue mpakani. Programu za benki hupandisha kiwango mapema zaidi. Sisi tungesema Android 10, RAM ya GB 3 na nafasi ya GB 32. Chini ya hapo, picha za magrupu zitajaza simu kabla ya msimu ujao.

Usiamini ukurasa huo peke yake, maana simu feki huandikwa toleo la uongo. Fungua Play Store, gusa picha ya akaunti, Mipangilio, Kuhusu, uone kama kifaa kimeidhinishwa na Play Protect, yaani ukaguzi wa Google. Halafu pakua programu ya benki yako na uifungue. Ikigoma kwa madai kwamba kifaa hakifai, basi mjadala umekwisha. Kwa WhatsApp ishia kwenye ukurasa wa kuandika namba. Ukiisajili namba yako hapo, simu uliyonayo itatolewa. Huawei za kuanzia mwishoni mwa 2019 nyingi hazina Play Store kabisa, kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Ni simu imara, lakini hakikisha programu ya benki yako inafanya kazi humo kabla ya kulipa.

Malizia kwa kupiga *#06#, ionekane IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu. Itume namba hiyo kwa meseji kwenda 15090, ulinganishe jina la simu linalorudi na lililoandikwa mgongoni. Mwambie muuzaji aifute simu mbele yako mpaka iwake upya. Ikidai akaunti ya mwenyewe wa zamani, iache mezani.

Na kama Lumia tayari iko nyumbani, usiitupe. Kupiga, meseji na menyu za pesa za *150*00# au *150*60# hazihitaji duka la programu. Majina yakiwa kwenye akaunti ya Microsoft, ingia outlook.com kwa kifaa kingine, fungua sehemu ya watu, hamisha kama faili la CSV, yaani orodha ya maandishi, kisha uliingize kwenye anwani za Google. Picha zitoe kwa waya wa USB kwenye kompyuta, na ufanye hivyo kabla betri haijavimba.