Kupanga Nyumba Mtwara Ukiwa Ughaibuni

Dalali akijua unapiga simu kutoka nje, bei inapanda kabla hujamaliza salamu. Kwa hiyo simu ya kwanza usipige wewe. Apige shangazi, mdogo wako, au mtu mliyesoma naye anayeishi hapo hapo mjini, aulize kama anayejitafutia mwenyewe. Jina lako litokee siku ya mkataba.

Kubwa zaidi ni kodi. Mkenya aliyezoea kulipa kila mwezi atashangaa: hapa mwenye nyumba anataka miezi sita mbele, wengine mwaka mzima, na juu yake dalali anadai kodi ya mwezi mmoja. Ukishatoa hiyo, huna tena cha kumbana nacho. Rangi, kitasa kibovu, koki inayovuja, nyavu za madirisha, yote yatengenezwe kabla hela haijatoka. Mwombe mwenye nyumba akupokelee miezi mitatu kwanza. Nyumba iliyokaa tupu muda mrefu, mwenyewe hulegea.

Msimu nao uangalie. Minada ya korosho ikianza Oktoba, mji unakuwa na hela na wageni, na si wakati mzuri wa kubembeleza bei. Mimi ningetafuta Machi au Aprili: mvua bado inanyesha, na dari inayovuja haihitaji kuulizwa.

Ukitaka utulivu, uzio na upepo wa bahari, ni Shangani, ila jiandae kulipa. Wakati wa pilikapilika za kutafuta gesi asilia, wenye nyumba wa huko walizoea wapangaji wa makampuni, na usishangae ukitajiwa dola. Kataa kwa upole: kanuni zilizotoka 2025 zinakataza kutaja au kulipa bei za ndani kwa fedha za kigeni. Kama unamhamishia mjini mzazi mwenye kliniki za mara kwa mara, Ligula ina hospitali ya rufaa ya mkoa. Chikongola na Magomeni ni uswahilini, kuna kila kitu mlangoni, kelele zikiwemo. Mikindani pazuri sana, lakini ni nje kidogo ya mji. Bila usafiri wako utachoka.

Mtu wako akienda kuangalia, mpigie simu ya video na atembee kuanzia barabarani hadi chooni bila kukata. Picha za dalali zina tabia ya kuruka choo. Afungue bomba. Kisha amuulize jirani, siyo mwenye nyumba, maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, na aangalie kama simtanki (tangi la kuhifadhia maji) ipo na imeunganishwa kweli. Hewa ya chumvi inakula chuma: apapase nondo za madirisha na mageti, aangalie na misumari ya bati.

Umeme uulizie mita. Mkichangia LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) moja na wapangaji wengine, kila wiki kuna kikao cha nani ana friji na nani anapiga pasi usiku. Ng'ang'ania mita yako. Hata hapo, tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na hilo ni deni la mwenye jengo, siyo lako. Mkubaliane mapema, ikiwezekana mpunguziane kwenye kodi ya pango.

Mkataba uandikwe, usainiwe mbele ya mwenyekiti au mtendaji wa mtaa. Huyo pia atakwambia kama anayejiita mwenye nyumba ndiye kweli, au ni msimamizi tu ambaye ndugu zake wako mahakamani wakigombea mirathi. Jina la akaunti unayotumia hela lifanane na la kwenye mkataba. Ukiambiwa "bosi, wahi, kuna mtu anakuja kulipia jioni," mwache huyo mtu alipie.

Na kama huna ndugu wala rafiki wa kumtuma, usitume hata kishika nyumba. Shuka, lala gesti wiki mbili, zunguka na bodaboda mwenyewe.